Siku Zamu ya Ng'ombe Ilipofika Kwetu

Asubuhi ile nilikuta fimbo imeegemezwa kwenye ukuta wetu, pembeni ya mlango. Ilikuwa fimbo ndefu, imeng'aa pale inaposhikwa. Nilipoiona, nilirudi nyuma hatua moja. Tulikuwa tumekaa kwenye kitongoji hiki cha Maretadu miezi miwili na kidogo, na nilijua kuna watu ambao hawakupenda tuje. Nikamwita mume wangu. Akatoka akichechemea, akaitazama, akasema, "Wanatuambia tuondoke."

Yeye mpaka leo anasema hakutamka hivyo, anasema mimi ndiye niliyetamka. Inawezekana. Mimi ni mtu wa darasa la saba, naandika kwenye daftari mambo ninavyoyakumbuka, na kukumbuka kwangu si mashine. Lakini kwamba tuliogopa, hapo tunakubaliana wote wawili.

Kwanza nieleze tulifikaje. Sisi ni watu wa Singida mjini. Mume wangu aliumia mguu kazini, na mfupa ukaanza kutoa usaha. Tulihangaika nao muda mrefu, mwisho tukapanda basi mpaka hospitali ya Haydom. Wakampasua, wakatueleza vizuri kabisa: kidonda kisafishwe kila wiki, kwa miezi mingi, na mguu usitikisike hovyo. Tulijaribu kurudi nyumbani na kuja kila wiki. Kila tulipofika, nesi akifungua bandeji anakuta kidonda kimefunguka upya kwa sababu ya kurushwarushwa na barabara. Siku moja akasema, "Baba, dawa inafanya kazi, basi linaharibu."

Kwenye benchi la kusubiria tulikuwa tumezoeana na mama mmoja aliyekuwa anamuuguza mkwe wake. Yeye ndiye aliyetuambia kuna nyumba tupu kitongojini kwao, mwenyewe amehamia Babati kwa mtoto wake. Wakapigiana simu. Mwenye nyumba akasema tukae, tumtunzie isianguke, tulime na kipande cha shamba. Kutoka hapo mpaka Haydom unaenda na kurudi siku hiyo hiyo bila haraka.

Lakini mwenye nyumba peke yake hatoshi. Ili uhesabike mkazi, kitongoji lazima kikubali mkutanoni. Mwenyekiti alitusimamisha mbele ya watu kwenye darasa la shule ya msingi, tukajieleza. Wengi walinyamaza. Aliyesimama ni mzee mmoja, jirani yetu wa bondeni. Alisema hana neno na mgonjwa, mgonjwa ni wa kila mtu. Ila kabla yetu alikuja mtu mwingine, akapokelewa, akakaa misimu miwili, akasogeza mpaka wa shamba kidogo kidogo, na kumtoa ikawa vita iliyogawanya mpaka ndugu wa tumbo moja. "Mimi sitaki tena kuona hivyo," alisema. "Huyu tunamjua? Hatumjui." Wakakubaliana tukae mpaka mahindi yavunwe, halafu mkutano utaamua.

Nilimchukia yule mzee siku ile. Lakini nikijiuliza kwa haki, ningekuwa mimi na shamba, na nimeshagombana na ndugu zangu kwa ajili ya mgeni, ningesema nini? Labda ningesema maneno makali zaidi.

Basi ndivyo tulivyokuwa tunaishi. Mguu ulikuwa umeanza kufunga, ngozi mpya ya rangi ya waridi inatambaa pembeni. Wakitukataa, tunarudi Singida, na basi litaufungua tena. Ndiyo maana fimbo ile ilinitisha.

Jua lilikuwa halijapanda vizuri jirani wa juu alipopiga hodi. Huyu ni yule mama wa kwenye benchi. Ana sauti kubwa, akikusalimia hata mbwa wanasimama.

"Mmeona fimbo?"

"Tumeiona," nikasema. "Tumefanya kosa gani?"

Alinitazama, halafu akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza. "Kosa? Mama, hiyo ni zamu. Kesho unachunga."

"Nachunga nini?"

"Sungura! Ng'ombe, mama. Unachunga ng'ombe."

"Wa nani?"

"Wetu. Wa malango yote saba."

"Lakini sisi hatuna ng'ombe hata mmoja."

"Zamu ni ya nyumba, siyo ya ng'ombe. Nyumba hii ina zamu tangu mimi naolewa hapa. Msimu wa kupalilia ulipoisha tukasema sasa ifike na kwenu. Na hayo maziwa mnayokunywa kila jioni, mlidhani yanatoka wapi?"

Ni kweli, tangu wiki ya kwanza kulikuwa na mtu anatuletea maziwa jioni, leo kutoka lango hili, kesho lile. Nilidhani ni huruma kwa mgonjwa. Nilikuwa nayapokea kwa mikono miwili, nimeinama, kama mtu anayeomba. Kumbe nyumba yenye zamu ina maziwa yake, na wao walikuwa wametupa maziwa kabla hatujachunga hata siku moja.

Ningependa kuandika kwamba nilifurahi. Sikufurahi. Siku nzima niliwaza kwamba huu ni mtego. Watanipa ng'ombe wa kitongoji kizima, apotee mmoja, na mkutano utakuwa umepata sababu. Naliandika hili ingawa si zuri, kwa sababu niliwaza hivyo kweli. Mume wangu alisema nikawaambie siwezi. Lakini ningekataaje? Kukataa zamu pia ni sababu.

Na ng'ombe mimi nilikuwa nawajua kwenye mchuzi. Nimezaliwa mjini. Kazi niliyofanya miaka mingi ni kutunza mizigo ya abiria stendi. Katika kazi ile kuna sheria moja tu: mzigo anakabidhiwa mwenyewe, mkononi, baada ya kuutambua. Ukiachia mzigo ujiendee, umeisha. Nikasema basi nitawatunza hawa kama nilivyotunza mizigo. Nikachukua daftari na kalamu.

Kesho yake ukungu ulikuwa mzito, unasikia ng'ombe kabla hujawaona. Nilianzia lango la juu. Wakatoka wanne, mimi nikaandika: mwekundu mkubwa, mwekundu mdogo, mweusi mwenye kiraka tumboni, mweupe pembe moja imekatika. Lango la pili wakatoka sita, wanaharakisha, wanaingia katikati ya wale wa kwanza wanasalimiana kwa pua. Nikaandika mweusi mwenye kiraka, halafu nikajiuliza, huyu ni yule au mwingine? Lango la tatu nilikuwa na weusi wenye viraka wanne. Walio malangoni walikuwa wananitazama naandika. Msichana mmoja akauliza, "Mama, unawaandikisha shule?" Nikaweka daftari mfukoni.

Sikuwapeleka malishoni. Wao ndio walionipeleka. Ng'ombe mmoja jike, mzee, wa rangi ya majivu, alitangulia, na wengine wote wakafuata kwenye njia ambayo mimi sikuijua. Tulipita kando ya mashamba ya mahindi yaliyokuwa yameshafika kifuani, na hakuna hata mmoja aliyenyoosha shingo kula. Mimi nyuma na fimbo yangu nilikuwa kama mtu aliyealikwa. Ukungu ulipofunguka tulikuwa tumefika juu ya mteremko, na mbele yetu bonde lote likawa wazi, majani, miamba, na mbali kabisa mlima Hanang umesimama peke yake na wingu kichwani. Nilikaa juu ya jiwe. Nilikuwa nimeishi pale miezi miwili nikitazama njia ya kwenda hospitali tu. Sikuwahi kugeuza kichwa upande huu. Nilisema kwa sauti, "Mungu wangu," na ng'ombe mmoja akainua kichwa.

Saa saba hivi tuliteremka kwenye maji, na hapo ndipo nilipoona nimekwisha. Upande wa pili wa kijito lilikuja kundi lingine, kubwa kuliko langu, la wafugaji wa kule tambarare za Hanang. Makundi yakakutana majini yakawa kitu kimoja. Migongo mitupu, myekundu, myeusi, myeupe, yote inakunywa. Nilikimbia huku na huku. Nilipiga kelele. Nadhani nilishika mkia wa mmoja.

Mwenye kundi alikuwa mtu mzima, amejifunga shuka, amesimama kwa mguu mmoja ameegemea fimbo yake, ananitazama kwa utulivu mkubwa.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia huku nahema.

"Marahaba. Mbona unalia?"

"Silii." Nilikuwa nalia.

"Ng'ombe zako ngapi?"

"Sijui. Siyo zangu."

Alicheka kidogo, bila kelele. "Basi kaa chini. Unawasumbua wanakunywa."

Nikakaa, maana sikuwa na la kufanya. Wakanywa wakatosheka. Halafu akapiga mluzi mmoja, mfupi, na akaanza kuondoka bila kugeuka nyuma. Na lile kundi likapasuka. Sijui niseme vipi. Ni kama mtu amechana nguo kwenye mshono wake. Wa kwake wakapanda upande wa kwake, mmoja mmoja, na wa kwangu wakabaki, na yule wa rangi ya majivu akageuka akanitazama kama anauliza tunangoja nini.

"Mzee!" nikamwita. "Na kama mmoja wangu amekufuata?"

"Akifika kwangu ataona aibu, atarudi mwenyewe." Akanyoosha fimbo kwa mbali. "Huyo mwekundu ni wa mzee mkali wa bondeni kwenu. Huyo mweupe ni wa yule mama mwenye sauti. Wako wote."

Anatoka mbali, haongei lugha ya majirani zangu, wala hasali nao. Lakini anajua ng'ombe wao mmoja mmoja kwa sura. Mimi niliyepewa niwachunge sikuwajua. Nilitaka kumwomba anitajie na wengine niandike, alikuwa ameshapanda kilima.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Jioni yule wa majivu akatangulia tena, tukarudi. Tulipokaribia lango la kwanza, ng'ombe wawili wakakata kona waingie. Mimi nikaona wanapotea. Nikakimbia nikawazuia kwa fimbo, nikawarudisha njiani. Lango la pili wakachepuka watano, wote kwa pamoja, nami nikapiga kelele, nikawatupia mabonge ya udongo, wakarudi wanashangaa. Lango la bondeni yule mwekundu wa yule mzee alikataa kabisa. Aliinamisha kichwa anasukuma kwenda, mimi nasukuma kurudi. Nilimchapa. Nilimchapa ng'ombe kwa kosa la kwenda kwao.

Malangoni hapakuwa na mtu wa kuniambia. Saa ile watu wako mtoni wanachota maji au wako kwenye maharage, na hakuna anayesimama langoni kungoja ng'ombe kwa sababu hakuna haja. Mimi niliona ni uzembe mkubwa. Nikajisemea, mali yote hii na hakuna wa kuipokea! Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na zizi la zamani la mwenye nyumba. Nikawaswaga wote humo, wakabanana, nikafunga lango kwa kamba mafundo matatu, nikakaa juu ya jiwe na daftari langu, nikingoja kila mwenye mali aje atambue wa kwake. Mume wangu alitoka akaona zizi limejaa. "Umeweza," akasema, na nilijisikia mtu mkubwa.

Kidogo hivi ndama wakaanza. Mmoja kule juu, mwingine bondeni, halafu wote. Ndama wa kitongoji kizima wanalia, na ndani ya zizi letu mama zao wanawajibu, mpaka ukuta wa nyumba unatetemeka. Jua limeshagusa mlima. Mume wangu akanitazama. "Hivi wewe," akasema polepole, "una uhakika ndivyo inavyofanywa?"

Wa kwanza kufika alikuwa jirani wa juu, anakimbia na ndoo mkononi. Akasimama. Akatazama zizi, akanitazama mimi na daftari.

"Hodi!" akasema. "Kumbe leo mnada umehamia huku?"

"Nawasubiri mje mchukue," nikasema. "Mmoja mmoja. Nimewaleta wote."

"Umewaleta wote," akarudia. "Mama. Ng'ombe wanaenda wenyewe. Wakifika langoni kwao wanaingia. Wewe unabaki unatembea tu mpaka wanaisha."

Sijui mtu anapotaka ardhi ipasuke anasema nini. Mimi nilifunga daftari. Wengine walikuwa wanafika, wanawake na ndoo na vibuyu, wasichana, wanaume wawili watatu, wanasemezana kwa lugha yao ambayo sikuisikia, na kila anayefika anaelezwa na aliyetangulia, na kicheko kinaanza upya. Walipojaribu kuwatoa, ng'ombe walikuwa wamebanana na wamechanganyikiwa, maziwa yanawadondoka, wanasukumana langoni. Jirani wa juu akapaza sauti. "Acheni! Wataumizana. Leteni ndama huku. Tunakamulia hapa hapa."

Na ndipo akaja yule mzee wa bondeni. Kila mtu akampisha. Alikwenda moja kwa moja kwa yule mwekundu wake, akampapasa ubavu, mkono ukatulia mahali fulani. Akaniita.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Huyu umempiga."

"Nimempiga, babu. Naomba unisamehe."

"Mara ngapi?"

"Mbili." Nikafikiri. "Tatu."

Nilimwona mume wangu amesimama mlangoni ameshika fremu, na nilijua anawaza kile ninachowaza, basi la Singida.

"Ana kichwa kigumu huyu," mzee akasema. "Mimi mwenyewe humpiga nne." Halafu akageukia wenzake, na sauti yake ilikuwa ile ile ya mkutanoni, wala haikulainika. "Nani alimwambia huyu mama kwamba ng'ombe wanaingia wenyewe?"

Mmoja akajifanya anakaza kamba ya ndama.

"Nauliza. Nani alimwambia?"

"Babu, jambo lenyewe kila mtu analijua," jirani wa juu akasema.

"Kila mtu nani? Huyu amezaliwa hapa? Wewe ulimpelekea habari ya zamu. Ulimwambia?"

"Sikumwambia."

"Basi usimcheke peke yake. Jicheke na wewe." Akaokota kigoda, akakaa chini ya ng'ombe wake, akaanza kukamua.

Wakakamua. Ua wetu, ambao miezi miwili mizima mtu alikuwa anaishia mlangoni akapiga hodi akarudi, ulijaa watu mpaka hapana pa kukanyaga. Ndama wanavutwa kwa kamba, wananyonya kidogo, wanatolewa wakilalamika. Halafu kelele zikapungua, zikaisha kabisa, ikabaki ile sauti ya maziwa yanapiga kwenye ndoo. Mwanzo inalia kwenye bati, halafu ndoo ikianza kujaa inakuwa nzito, laini. Ndoo kumi, kumi na tano, kwa pamoja, kwenye mwanga ule wa mwisho. Mwanamke mmoja alikuwa anaimba chini chini, wimbo wa kanisani, na ng'ombe wake amefumba macho. Nimekaa kwenye misiba na harusi nyingi mjini na sijawahi kuona watu wengi hivyo wametulia pamoja. Nilisimama katikati na daftari mkononi kama mjinga.

"Lete sufuria," jirani wa juu akaniambia. "Aliyechunga anapewa."

Nilileta sufuria yetu, tulikuwa na moja ya maana. Kila aliyemaliza alipita akamimina kidogo. Ikajaa. Nikaleta ndoo ya maji, nayo ikafika nusu. Yule mzee alikuwa wa mwisho. Alimimina, akatikisa ndoo yake matone ya mwisho yatoke.

Walipofungua lango, giza lilikuwa bado halijakamilika. Ng'ombe wakatoka taratibu, tumbo limejaa, kiwele kitupu, na nikaona kwa macho yangu: wanapita njiani, na kwenye kila lango wanapungua, bila neno, bila fimbo, kama watu wanaotoka kanisani wanavyoagana. Nilisimama mpaka sikumwona hata mmoja. Mume wangu aliniambia niingie ndani, nilimwambia angoje kidogo.

Baada ya wiki kadhaa tulimuuliza mwenyekiti kama ile zamu ilikuwa mtihani. Akashangaa. "Mtihani wa nini? Zamu ilikuwa imefika kwenu." Nilitaka aseme zaidi, hakuwa na zaidi. Nimelifikiria sana jibu hilo. Watu walionijua miezi miwili, na wengine waliosema hadharani hawanijui, walifungua malango yao wakaniachia kila kitu walichonacho kinachotembea, tangu asubuhi mpaka jioni, kwa sababu fimbo ilikuwa imefika kwenye ukuta wetu. Mimi pale stendi nisingemwachia mtu wa namna yangu hata begi la nguo.

Mahindi yakavunwa, mkutano ukaitishwa. Sikulala vizuri siku tatu. Nesi alikuwa amesema bado miezi minne au mitano, mfupa unashika vizuri, tusiuharibu sasa. Tulikaa kwenye madawati ya nyuma ya darasa lile lile, magoti yamebana.

Mwenyekiti akasoma agenda, sisi tulikuwa wa pili. Yule mzee wa bondeni akanyoosha mkono wa kwanza. Mume wangu alinishika kidole.

"Nilichosema mwanzo nakisema tena," alianza. "Mtu akija, mipaka ya shamba ipimwe mbele ya majirani, iwekwe mawe, iandikwe. Sitaki kuona vita tena. Hili la mawe silirudishi nyuma." Akakohoa. "La pili. Mtu mwenye nia mbaya na mali za watu haendi kuzifungia zote nyuma ya nyumba yake halafu akae juu ya jiwe na daftari anawaita wenyewe."

Darasa likaangua kicheko. Mtu akaguna kama ng'ombe. Mwenyekiti akagonga meza.

"Chekeni, lakini ndivyo ilivyo," mzee akasema. "Nilimuuliza amempiga ng'ombe wangu mara ngapi. Akasema mbili, halafu mwenyewe akaongeza. Nimemaliza." Akakaa.

Mikono ikanyooshwa. Nasema ukweli, haikunyooshwa yote. Kuna mmoja hakunyoosha, na namjua, na sitamwandika hapa. Ananisalimia vizuri, ana sababu zake, na labda siku moja ataniambia. Mwenyekiti akaandika kwenye kitabu chake, akatutazama, akasema, "Haya, karibuni." Ndiyo yote. Nilidhani kutakuwa na kitu zaidi, sijui nini, kupiga makofi labda. Mume wangu alikuwa anatazama sakafu na mabega yake yanatikisika kidogo.

"Agenda ya tatu," mwenyekiti akasema, "choo cha shule. Fundi yuko tayari, matofali yapo, mchanga hakuna. Kila nyumba ndoo nne, Jumamosi, kutoka mtoni."

Nikanyoosha mkono, maana sikutaka kukosea tena kwa kutouliza. "Na sisi?"

Watu wakageuka. Yule mzee akageuka na mwili mzima, dawati likalia. "Nyinyi mna nyumba au hamna?"

"Tunayo, babu."

"Basi ndoo nne. Na uchukue mchanga mkavu wa juu, usichote wa majini kama hawa wanaojifanya wana haraka. Utakuvunja shingo."

Jumamosi nilikwenda. Nilichota wa juu. Jirani wa juu alichota wa majini, maji yanamchuruzika usoni, na kila hatua analalamika kwamba hajui nani aliutengeneza mlima huu. Kwenye safari ya tatu nilisimama katikati ya mteremko kubadilisha kata kichwani, nikatazama. Mbele yangu mstari wa watu na ndoo unapanda mpaka unapotelea shuleni. Nyuma yangu mstari unashuka mpaka mtoni, na wengine ndiyo kwanza wanainama kuchota. Sikuweza kuona wa kwanza wala wa mwisho.

"Mama, tembea!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. "Unatuzibia njia!"

Nikabeba ndoo yangu, nikatembea.